Guatemala kwa siku za soko na siku za mlima

Kabla ya safari

Ramani ya Guatemala ina ujanja wake. Ukiitazama unaona nchi ndogo, kilomita za mraba kama 109,000, haifiki hata moja ya nane ya Tanzania, na unajiambia wiki moja inatosha na chenji inabaki. Kisha unaanza kuulizia mwendo. Mji mkuu mpaka Cobán ni kilomita 210 hivi. Jibu ni saa tano. Antigua mpaka ziwa Atitlán ni kama kilomita 80. Jibu ni saa mbili na nusu au tatu, na zaidi lori likikwama kwenye kona. Nchi imekunjwa. Ungeweza kuinyoosha milima yake ndipo ungejua ukubwa wake.

Kikao cha mipango kilifanyika kwetu Houston, sahani ya mihogo katikati: mimi, mke wangu, na shemeji, mdogo wake wa kiume, ambaye kabla ya kuja Marekani kuendesha malori alibeba mizigo ya watalii Kilimanjaro kwa misimu kadhaa. Kila mmoja alikuja na sharti lake. Mimi nilitaka kuona volkano ikitema moto kwa macho yangu, si kwenye simu. Mke wangu, mtoto wa Tanga, alishasikia kwamba Guatemala ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza iliki nje, akasema harudi bila kuliona shamba. Shemeji alikuwa na moja tu: "Mlima nitapanda, shemeji. Lakini safari hii sibebi cha mtu."

Kuhusu moto, mlima hauna mkataba na mtalii. Arenal wa Costa Rica uliwaka kwa miaka zaidi ya 40, mwaka 2010 ukanyamaza, na hoteli zilizojengwa kuuelekea zikabaki zinauza bustani na maji moto. Izalco wa El Salvador uling'aa kwa muda mrefu hata mabaharia wakauita mnara wa taa wa Pasifiki. Ikajengwa hoteli juu ya mlima wa jirani ili watu wautazame wakiwa wamekaa, na hoteli ilipokamilika, mwishoni mwa miaka ya 1950, moto ukawa umezimika. Guatemala ina volkano 37 kwa hesabu inayotajwa sana, na tatu ndizo zinazosumbua siku hizi: Pacaya, Santiaguito na Fuego. Tuliuchagua Fuego, ambao hutazamwa kutoka mgongo wa mlima wa jirani yake, Acatenango. Taarifa za INSIVUMEH, taasisi ya serikali inayofuatilia volkano, matetemeko na hali ya hewa, tukawa tunazisoma kila asubuhi kama watu wasomavyo matokeo ya mpira.

Mengine yalijipanga yenyewe. Soko la Chichicastenango ni Alhamisi na Jumapili, basi. Ukifika Jumanne umekuta mji mtulivu wa mlimani na mbwa wamelala. Kiangazi ni Novemba hadi Aprili, nasi tukachukua Februari. Mlima wa karibu mita 4,000 haupandwi na mtu aliyetoka jana Houston, mji ulio karibu usawa wa bahari, kwa hiyo siku za mwanzo lazima zilale Antigua, mita 1,500 na kitu. Semuc Champey, yale madimbwi ya maji ya kijani juu ya daraja la asili la chokaa, tuliyakata pamoja na Quetzaltenango, maana kila moja lingekula siku nzima ya barabara kwenda na nyingine kurudi. Mke wangu alilalamika kidogo, nikamwambia achague kati ya madimbwi na iliki. Akachagua.

Viza kila mtu aangalie pasipoti yake. Ila jua hili: Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua zina makubaliano ya pamoja, na siku 90 za mgeni huhesabiwa kwa nchi zote nne kwa mkupuo. Anayetaka kuzunguka ukanda mzima aanzie hapo kupiga hesabu.

Jumamosi: Houston hadi Antigua

Ndege ni mwendo wa saa tatu tu. Uwanja wa La Aurora uko ndani ya jiji, nyumba zimeuzunguka. Mei 2010 Pacaya ulirusha majivu mpaka uwanja ukafungwa siku kadhaa, wafanyakazi wakifagia njia ya ndege kwa mifagio. Leo anga safi.

Foleni ya kutoka jijini ilikula saa nzima. Shemeji hakuijali, alikuwa ametoa kichwa dirishani akihesabu camioneta. Hayo ni mabasi ya abiria yaliyokuwa ya wanafunzi huko Marekani: yakizeeka yanateremshwa Guatemala, yanabadilishwa injini, yanapakwa rangi zote, yanawekewa taa na jina la mwanamke au la mtakatifu juu ya kioo. Konda ananing'inia mlangoni anapiga kelele za mji anaokwenda, "Guate, Guate, Guate!", na gari likiwa linakwenda anapanda juu ya paa kupanga mizigo. "Huyu Mbagala anapata kazi leo hii," akasema shemeji.

Jumapili: Antigua

Antigua ulikuwa mji mkuu wa Wahispania kwa ukanda wote huu wa Amerika ya Kati, tangu 1543 mpaka matetemeko ya 1773 yalipouangusha. Serikali ikaamua kuhama, na 1776 mji mkuu mpya ukaanzishwa bonde la pili, ndilo jiji la leo. Hata huu nao ulikuwa umehamishwa. Mji uliotangulia ulikuwa kwenye miguu ya mlima Agua, na Septemba 1541, baada ya mvua za siku kadhaa, tope na mawe yakashuka mlimani usiku yakaufunika. Aliyekuwa gavana siku hizo, Beatriz de la Cueva, mjane wa Pedro de Alvarado, alikufa humo akiwa amekaa madarakani siku chache tu. Kwa hiyo mtu akikuambia mji mkuu wa Guatemala, muulize upi.

Waliohama hawakubomoa kila kitu, na waliobaki hawakuwa na fedha ya kujenga upya, ndiyo maana leo unatembea barabara za mawe kati ya makanisa yasiyo na paa. Nyuma ya kanisa kuu kuna nguzo nene zinazobeba anga. Kanisa la La Merced, la njano na maua meupe ya chokaa, lilijengwa fupi na nene makusudi: minara mifupi, kuta za kuogopa ardhi. Lilisimama 1773. Njia ya Santa Catalina ina tao lililojengwa ili masista wa utawa wavuke barabara bila kuonekana na watu. Leo ndilo jengo linalopigwa picha kuliko yote mjini, nasi tulipanga foleni kama wengine.

Kanisa la San Francisco lilinigusa zaidi. Ndimo alimozikwa Hermano Pedro, Mhispania wa karne ya 17 aliyeanzisha hospitali ya maskini, akatangazwa mtakatifu mwaka 2002. Ukuta umejaa vibao vya shukrani, magongo ya waliopona, picha za watoto. Hakuna mtalii aliyekuwa anasema kwa sauti.

Jioni tukala pepián, mchuzi mzito wa kuku wenye mbegu za maboga na ufuta zilizokaangwa zikasagwa, na tortiya za mahindi. Mke wangu aliiuliza sana ile mbegu ya boga. Shemeji aliuliza kama kuna nyingine.

Jumatatu: Antigua tena

Siku ya kutofanya kitu, na ndiyo siku muhimu kuliko zote. Asubuhi tulipanda Cerro de la Cruz, kilima cha dakika 20, kujipima pumzi. Mbele yako mji wote umepangwa kwa miraba, na nyuma yake Agua, pembetatu kamili, mita 3,760.

Mchana tulikwenda kukodi makoti. Watu huona Guatemala iko tropiki, wakaja na kaptula. Januari 2017 watu sita walikufa kwa baridi Acatenango, usiku mmoja wa upepo mkali, na walikuwa wenyeji, si wageni. Shemeji alivalisha kila mtu mwenyewe: akavuta zipu, akapima mikono, akarudisha koti moja kwa sababu lilikuwa zuri machoni tu. Halafu akamhoji mwenye kampuni kwa Kihispania chake cha maghalani: mwongozaji mmoja kwa watu wangapi, mahema yako juu au yanabebwa, hali ikichafuka nani anaamua kurudi. Walipojibu la mwisho bila kusita, tukalipa.

Kuna nyongeza wanayoiuza: ukishafika kambini jioni, unalipa zaidi unateremka bondeni na kupanda ukingo wa Fuego wenyewe, karibu kabisa na unapotema. Wengi huenda. Sisi tulikataa bila mjadala mrefu. Mwongozaji hana namna ya kujua mlipuko ujao utakuwa wa ukubwa gani, na picha nzuri ya moto inapatikana hata kutoka ng'ambo ya pili.

Jumanne: Acatenango

Gari lilituacha La Soledad, kijiji kilicho kwenye mita 2,400 hivi. Akina mama na watoto wanakodisha fimbo kwa quetzali chache, fedha ya huko; chukueni, msijifanye vijana. Saa ya kwanza ni mashamba ya mahindi na udongo mweusi laini unaoteleza kwenda nyuma, hatua mbili mbele na moja inapotea. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana ni mwinuko mkali na bado hujaona chochote.

Mke wangu alimlipa mpagazi abebe begi lake. Shemeji akamfuata yule kijana, akaliinua begi kwa mkono mmoja, akalipima, kisha akaangalia mabegi mengine matatu aliyokuwa amefungiwa kwa kamba ya paji la uso. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20. Hapa hakukuwa na mizani. Wakazungumza wawili hao njia nzima: malipo ya siku, bakshishi, magoti, viatu. Kufika kwenye msitu wa mawingu, shemeji yangu aliyeapa hatabeba cha mtu alikuwa na begi la Mholanzi mmoja wa kundi letu mgongoni.

"Si ulisema hubebi?"

"Shemeji, huyu kijana ana miaka 19. Wacha."

Msitu wa mawingu ni mizizi, ndevu za kijani zikining'inia, baridi ya ghafla. Baada yake misonobari, halafu njia inapinda kuzunguka ubavu wa mlima, unapumua kidogo, na kutoka nyuma ya kona Fuego unajitokeza wote, kilele kitupu cha kijivu, mita 3,763. Tulikuwa tumesimama kunywa maji. Moshi mweusi ukapanda kutoka kileleni kimya kimya, ukafunguka juu. Nilihesabu polepole kabla ngurumo haijafika. Unaona kwanza, sauti inakuja baadaye, na inaingia kifuani kabla ya masikioni.

Kambi iko karibu mita 3,600. Chakula kilikuwa wali na maharage meusi, na hakuna aliyelalamika. Jua lilipozama, kile kilichokuwa moshi mchana kikawa moto: mawe mekundu yanarushwa juu, yanasita, yanaanguka na kubiringika ubavuni mpaka yanazimika moja moja. Kisha giza. Dakika 15 au 20 unangoja, watu wanaanza kuzungumza mambo mengine, mara tena. Mke wangu alikaa nje ya hema amejifunga blanketi mpaka karibu saa sita usiku, akikataa kila mara kuingia: "Moja tu, halafu nakuja."

Mwongozaji alitusimulia 3 Juni 2018 akiwa ameelekeza uso motoni. Ilikuwa Jumapili mchana. Wimbi la gesi ya moto, majivu na mawe lilishuka bonde la Las Lajas, upande ule ambao kutoka kambini hauonekani, likakizika kijiji cha San Miguel Los Lotes. Wimbi la namna hiyo halikimbiliki kwa miguu, na wengine hata kwa gari hawakuwahi. Waliokufa na wasioonekana mpaka leo ni mamia. Alisimulia bila kupamba. Mholanzi aliyebebewa begi akauliza kama sisi tulipo ni salama, akajibiwa kwamba upepo na mabonde vinaupendelea upande huu, na kwamba redio iko wazi usiku kucha. Jibu la mtu mkweli.

Shemeji ndiye aliyekumbusha tofauti ya huku na kwetu. Ol Doinyo Lengai unatokana na ardhi kuachana, bonde la ufa likipanuka. Hapa ni kinyume: sakafu ya bahari ya Pasifiki, bamba linaloitwa Cocos, linajisukuma chini ya nchi kavu, na milima hii yote imejipanga mstari mmoja sambamba na pwani, toka mpaka wa Mexico kuelekea El Salvador.

Jumatano: kileleni, kisha ziwani

Saa kumi alfajiri, tochi vichwani. Kutoka kambini mpaka kilele, mita 3,976, ni changarawe za volkano tupu. Shemeji akawa nyuma ya dada yake: "Dada, pole pole. Usiangalie juu. Angalia visigino vya mbele." Tulifika mwanga ukianza. Upepo hauruhusu kusimama wima. Agua mbele, Pacaya unafuka mbali, upande wa magharibi volkano tatu za Atitlán, na Fuego chini yetu kidogo, kitu ambacho akili haikubali haraka: unautazama moto kutoka juu.

Kushuka ni kukimbia kwenye majivu. Magoti yalilipa.

Mchana tukaoga Antigua, tukapanda kibasi cha watalii, tukalala njia nzima mpaka Panajachel, ukingoni mwa ziwa Atitlán. Sina la kueleza kuhusu barabara hiyo.

Alhamisi: Chichicastenango

Siku ya soko, na tuliwahi. Barabara inapanda Sololá, inapita njia panda ya Los Encuentros ambako mabasi yote ya milimani hukutana na kugombea abiria, kisha inateremka korongo na kulipanda tena kwa kona ambazo dereva wetu alizipiga akila parachichi.

Sehemu ya watalii ni vinyago na vitambaa, na bei ya kwanza ni ya kukupima akili. Ukisukuma ndani zaidi unaingia soko lenyewe: kuku wamefungwa miguu, chokaa ya kuchemshia mahindi kwa mafungu, kamba, sukari guru, mitumba. Mahindi huchemshwa na chokaa ndipo yasagwe kuwa tortiya. Mke wangu alinunua fungu la chokaa akajaribu, na hakuna aliyeweza kumzuia. Huipil, blauzi za kufuma za akina mama wa Kimaya, hutofautiana mji hadi mji, na mwenyeji akiona kifua cha mwanamke anajua ametoka wapi.

Kanisa la Santo Tomás lina ngazi 18 za nusu duara, zimejaa wauza maua, na kwenye ngazi za chini mtu anapunga kopo lenye moshi wa copal, utomvu wa mti, ndugu wa sandarusi iliyokuwa ikisafirishwa Zanzibar karne ya 19. Mlango wa mbele waachie wanaosali. Mgeni hupita pembeni, na kamera inabaki mfukoni. Ndani, mishumaa imepangwa sakafuni juu ya maua yaliyochambuliwa, na sala ni Kik'iche', lugha ya Kimaya ya huku, na Kihispania kwa pamoja. Ni katika parokia hii, mwanzoni mwa miaka ya 1700, padri Francisco Ximénez alipounakili Popol Vuh, maandiko ya Wak'iche' kuhusu kuumbwa kwa dunia, akaweka tafsiri ya Kihispania pembeni. Nakala yake ndiyo iliyosalia. Humo binadamu wa kwanza walijaribiwa kwa udongo wakalainika, kwa mti wakakosa moyo, mpaka walipofinyangwa kwa unga wa mahindi.

Ijumaa: Atitlán

Ziwa hili ni shimo la mlipuko. Zaidi ya miaka 70,000 iliyopita ardhi ilijitapika mpaka ikadidimia, majivu yakafika mbali sana, na maji yakajaa. Leo kina chake kinapita mita 300. Volkano San Pedro, Tolimán na Atitlán ziliota baadaye ukingoni.

Boti chukueni asubuhi. Baada ya adhuhuri huamka upepo unaoitwa Xocomil, na boti ndogo hupigwa mawimbi mpaka meno yanagongana. San Juan La Laguna wanawake wana vyama vya ushirika vya ufumaji. Mmoja alijifunga kitanda cha kufumia kiunoni, ncha ya pili mtini, akatuonyesha pamba ikitiwa rangi ya nili, ya maganda ya vitunguu, ya wadudu wa kochinili. Bei haipungui, na ukiona kazi yenyewe hutataka ipungue.

Santiago Atitlán tulimtembelea Maximón: sanamu ya mti yenye kofia na skafu nyingi, sigara mdomoni, walinzi wawili pembeni. Hukaa nyumba ya mwanachama wa udugu wa kidini, kila mwaka nyumba mpya, na watu humletea pombe na shida zao. Shemeji alitoa quetzali zake akaomba jambo. Hakusema lipi, dada yake akambana mpaka usiku.

Jumamosi: barabarani

Panajachel hadi Cobán kupitia mji mkuu ni siku nzima. Kilichoiokoa ni kituo kimoja kwenye hifadhi ya ndege quetzal, Baja Verapaz, msitu wa ukungu kando ya barabara. Ndege huyo yuko kwenye bendera na jina la fedha ni lake. Hatukumwona. Tulimtazama kwenye noti, ambazo pembeni zina thamani kwa tarakimu za Kimaya, nukta na vistari, na shemeji akajifundisha kuzisoma kabla ya Cobán.

Jumapili: iliki

Cobán ni mvua nyembamba isiyokata, inayoitwa chipi-chipi, hata kiangazi. Lugha ni Kiq'eqchi'. Wajerumani walikuja karne ya 19 kulima kahawa, na mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wao akaleta mbegu za iliki kutoka Asia. Mke wangu alicheka aliposikia. Bibi yake alilima iliki Amani, Usambara Mashariki, na Amani ndiko Wajerumani walikoanzisha taasisi yao ya kilimo mwaka 1902.

Mwenye nyumba ya wageni alituunganisha na shemeji yake mwenye shamba. Tulishuka bonde lenye utelezi, chini ya miti mirefu, na mke wangu akatangulia mbele ya mwenye shamba. Majani marefu kumpita mtu. Lakini iliki haiko juu, iko chini, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Aliinama akaipata kabla hajaonyeshwa. Wakaanza kuzungumza wawili wao, yeye Kiswahili na ishara, mama wa shamba Kiq'eqchi' na ishara: hii changa, hii tayari, hii imechelewa. Huchumwa kwa kurudia rudia shamba lile lile, maana haziivi pamoja.

Iliki mbichi hainunuliwi na mlaji. Dalali, anayeitwa coyote, anaichukua njiani kwa bei yake, inapelekwa kwenye vikaushio vya kuni, inakaa humo usiku na mchana ikiangaliwa, kisha inachambuliwa kwa rangi. Kijani kibichi kinakwenda juu, iliyopauka inashuka. Na bei inaamuliwa mbali: sehemu kubwa inakwenda Saudi Arabia na nchi za Ghuba, kwenye kahawa. Shangazi yangu anaishi Muscat, na niliposema pale kwamba kila mgeni anayeingia kwake anapewa kahawa ya iliki, mwenye shamba alitikisa kichwa. Miaka yote analima, hajawahi kuinywa. Karibu wote tuliowauliza walisema hivyo hivyo. Chakula chao hakiitumii.

Basi jioni mke wangu akaomba jiko. Kahawa ya Cobán, iliki ya asubuhi ile ile iliyokaushwa juu ya bati, ikatwangwa na maganda yake, sukari kidogo. Mwenye nyumba alikunywa, akanyamaza, akamwita mama yake. Mama akasema ni dawa ya kikohozi. Lakini akamaliza kikombe, na sisi tukala kak'ik yake, supu nyekundu ya bata mzinga yenye pilipili na giligilani mwitu, mpaka jasho likatutoka.

Jumatatu: pantoni

Kuelekea kaskazini milima inakwisha kwa ghafla, joto linapanda. Sayaxché, mto La Pasión hukatiza barabara, na magari huvuka kwa pantoni ya mbao na chuma inayosukumwa na injini za boti zilizofungwa ubavuni, kila injini na mtu wake. Wanapigiana kelele kugeuza. Mchuuzi wa karanga alipanda nasi. Kigamboni kabisa.

Flores, tulikolala, ni kisiwa kidogo ziwani. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Waitza, ufalme wa mwisho wa Kimaya kushindwa na Wahispania, mwaka 1697, zaidi ya karne moja na nusu baada ya wengine.

Jumanne: Tikal

Tikal ni magofu ya mji mkubwa wa Wamaya, katikati ya msitu. Huku hakuna volkano, jiwe lote ni chokaa. Lakini kwenye makumbusho kuna visu vya kioo cheusi cha volkano, vilivyochimbwa El Chayal, karibu na mji mkuu wa leo, vikabebwa mgongoni na kwa mitumbwi mpaka huku. Hawakuwa na farasi wala ng'ombe. Shemeji alisimama mbele ya kabati lile muda mrefu kuliko mbele ya piramidi yoyote. "Hawa walikuwa wapagazi," akasema.

Tuliingia lango lilipofunguliwa. Hekalu la IV lina urefu wa karibu mita 65, unapanda kwa ngazi za mbao, na juu yake ukungu umefunika msitu, vichwa vya mahekalu mengine vikiwa vimetokeza. Nyani wa huko wananguruma kwa sauti ambayo usipoambiwa utatafuta simba. Hekalu la I, mita 47, haliruhusiwi kupandwa. Chini yake alizikwa Jasaw Chan K'awiil, mfalme aliyewashinda wapinzani wao wa Calakmul mwaka 695. Tarehe ya mwisho waliyoichonga Tikal kwenye jiwe ni ya mwaka 869. Baada ya hapo mji ukaachwa, na ukame unatajwa sana miongoni mwa sababu, kwa watu walioishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabwawa.

Njiani kuna mti mkubwa ambao kila mtalii hupiga picha, ceiba, mti wa taifa. Mke wangu akasema ni msufi tu, kwao Tanga wanajazia mito. Mwongozaji akaeleza kwamba kwa Wamaya mizizi yake iko kuzimu na matawi yake mbinguni. Akajibiwa kwamba kwetu nao popo hawakauki.

Jumatano: kurudi

Flores hadi mji mkuu tulipanda ndege, saa moja. Basi la usiku ni mwendo wa saa nane hadi kumi na bei yake ni nafuu zaidi, ila magoti ya Acatenango yalikuwa bado yanadai. Kama siku zako ni chache, kata Tikal au kata Cobán, usikate siku za kuzoea hewa Antigua. Kama moyo au mapafu yana shida, nenda Pacaya: nusu siku, farasi wapo, na ukirudi unalala kitandani. Dola moja ilikuwa quetzali saba na kitu. Chenji ndogo ndogo iwekwe mfuko wa mbele, kwa vyoo, boti na fimbo.

Houston, kwenye fomu ya forodha, tulijaza iliki kavu, kilo mbili. Afisa alifungua mfuko, akanusa, akauliza zote hizi za nini. Mke wangu akaanza kumweleza pilau, na foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.